Kibuyu Nilichokikataa

Sisimizi ndio walioniambia kwanza. Nyuma ya nyumba yetu, pale ukutani ambapo mwanamume huenda kukojoa akiona uvivu kufika chooni, walianza kukusanyika asubuhi kwa mstari mwembamba uliotoka kwenye migomba. Nikawamwagia majivu. Kesho yake walikuwa wamerudi, wengi kuliko jana. Mke wangu Generoza aliwatazama akiwa na ungo mkononi, akaniuliza kama nimemwaga togwa pale. Nikamjibu ndiyo, nimemwaga.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye naye ameanza kuwaona sisimizi wake na bado anawasingizia togwa. Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Najua benchi la kungojea, najua miguu yangu, na najua watu wanavyokutazama ukianza kuishi tofauti nao. Tuko wawili sasa tunaopanda mlima hapa Nyakisasa kila alfajiri kwa sababu ya ugonjwa huu. Huyo wa pili nitamtaja zamu yake ikifika.

Siku hizo tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, au niseme tulihamishwa, maana migomba yetu ya zamani tuliiacha ikiwa imezaa. Nyumba zilipangwa mistari miwili kando ya barabara. Jirani yangu akawa Bukuru, kaka yake Generoza. Kwetu Uhangazani shemeji ni muramu, na ndivyo tulivyoitana maisha yote. Zamani tulikaa vilima viwili tofauti na tulipendana sana. Sasa yeye alinisikia nikikohoa, nami nilimsikia akigombana na mbuzi wake. Hata hivyo tulikuwa tunacheka bado.

Kiu ilianza kiangazi hicho. Sikuwahi kuona kiu ya namna ile. Nilikunywa mtungi wa maji aliouteka Generoza mtoni, nikaona haya, nikaenda mwenyewe kuteka mwingine, nikaunywa njiani. Nilikula kama mtu wa kukodiwa kula, na nikakonda. Suruali niliifunga kwa kamba ya mgomba. Watu wakasema ni uchungu wa kuhamishwa, wengine wakasema nina minyoo. Mimi nikasema ni kazi za shamba la ujamaa. Kila mtu alikuwa na jibu lake na yote yalikuwa mazuri kuliko la kweli.

Jioni moja nilirudi kutoka shambani, Generoza akanitazama miguuni akaacha kupepeta.

"Baba Yustina, katambuga yako nyingine iko wapi?"

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na katambuga. Wa kushoto ulikuwa mtupu, umechanika kisigino na una mwiba umezama hadi kichwa chake hakionekani. Nilikuwa nimetembea njia yote ya mawe na sikusikia kitu.

Hapo nikaogopa. Kaka yangu mkubwa, marehemu Petro, alianza hivyohivyo. Kwanza kiu, halafu kukonda, halafu kidonda cha mguu ambacho hakikumuuma. Tulikuwa tunamsifu kwa uvumilivu. Mguu ukawa mweusi kuanzia vidole, na harufu yake ikamtoa nje kila mgeni. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali tukiwa tumechelewa, na tuliporudi naye tulimbeba vilevile, kimya. Wazee walisema amerogwa, na kwa miaka yote ile nilikubali, kwa sababu kurogwa ni jambo la mtu mmoja. Nilipouona ule mwiba nikajua kuwa kilichomla Petro kimevuka kuja kwangu.

Mwenye kuficha maradhi, kifo humuumbua. Generoza hakunisemea methali. Alifunga viazi kwenye kitambaa na kesho yake tukaondoka kwa miguu kwenda hospitali ya misheni.

Benchi la pale nalijua kila fundo la ubao wake. Unakaa mwisho, unasogea makalio kwa makalio, na kila unaposogea unakuta joto la aliyekutangulia. Mbele yangu alikuwa mama mwenye mtoto wa surua, nyuma yangu mzee aliyekuwa akisali rozari bila kutoa sauti. Hakuna aliyeuliza mwenzake anaumwa nini. Kutoka ndani tulisikia chuma kikigonga beseni, na kila kikigonga wote tulitazama mlango.

Mganga alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye sweta iliyotoboka viwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Akachukua mkojo wangu, akaudondoshea kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, akakishika kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Buluu ikageuka kijani. Nikadhani yamekwisha. Kijani kikawa manjano, manjano ikawa chungwa, halafu ikasimama kwenye rangi ya tofali lililochomwa.

"Una ndugu aliyekuwa na hii?" akaniuliza.

"Alikuwapo."

Alinipa vidonge, akaosha kisigino changu, kisha akasema mambo yake taratibu, kama mtu anayejua kuwa hutayapenda. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, basi. Togwa basi. Ndizi mbivu basi. Ugali nusu ya ninaokula, maharage na mboga za majani nijaze sahani. Nisitembee peku hata ndani ya nyumba. Kila jioni mtu anitazame nyayo, kwa sababu mimi mwenyewe sitasikia. Na kila siku nitembee kwa nguvu hadi jasho litoke, si kwa kazi, kwa kutembea tu.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka uzee," akasema. "Ukipenda kuuona."

Generoza alikuwa mlangoni. Jioni ile, jua likiwa bado, aliniketisha kwenye kigoda, akauweka mguu wangu mapajani mwake, akaanza kuukagua unyayo kidole kwa kidole. Hakuacha hata siku moja tangu hapo. Kuna watu hupewa mashamba na wake zao. Mimi nilipewa macho.

Chakula tulikiweza. Kazi ilikuwa rubisi. Asiyejua nchi yetu atadhani ni pombe tu, kama chupa ya dukani. Kwetu mtu akikuita kwake, mtungi unawekwa katikati, mwenye nyumba anachota kibuyu, anakionja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Kuonja kwake ni kiapo. Anasema, sikukuwekea sumu. Na wewe ukikikataa kibuyu kilichokwisha kuonjwa, umesema mbele ya watu kuwa unamwona muuaji, na kwamba hata kiapo chake hukiamini. Nyumba nyingi zimevunjika kwa jambo hilo. Mimi nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu.

Bukuru alibatiza mtoto wake wa mwisho mwanzoni mwa mvua za vuli. Kijiji kizima kilikuja. Nilikuwa nimepanga nimweleze mapema, lakini yule bwana alikuwa kwenye rubisi yake tangu asubuhi, akikimbia huku na huku, na nikasema moyoni nitamweleza akitulia. Hakutulia. Alisimama katikati ya watu, akachota kibuyu cha kwanza, akaonja, akanipa mimi, kwa sababu mimi ndiye muramu mkubwa.

"Siwezi, muramu," nikasema. "Mganga amenikataza."

Watu wakageuka. Alikuwa bado amenyoosha mkono.

"Mganga amekukataza kwangu?"

"Amenikataza popote. Ni ugonjwa wa sukari."

"Sukali." Alilitamka polepole, kisha akawatazama wageni. "Nimeonja, Laurenti. Umeniona nikionja."

"Nimekuona."

Aliinywa mwenyewe yote, akafuta mdomo, akampa kibuyu mtu mwingine. Sherehe iliendelea. Hakuna aliyenigombeza. Watu waliokaa karibu nami walihama mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake ya kuhama, mpaka nikabaki peke yangu kwenye mkeka uliotandikwa kwa ajili ya watu sita.

Toka siku ile Bukuru aliacha kuniita muramu. Aliniita Laurenti, kwa adabu, kama karani anavyomwita mtu. Maneno nayo yakaanza. Walisema Laurenti anaogopa sumu kwa kuwa anajua sumu. Walisema anawaona wenzake wachawi ili mwenyewe asionekane. Duka la kijiji halikuwa na sukari miezi mingi, na mtu mmoja akasema hadharani kuwa si ajabu, yote iko kwenye damu ya Laurenti. Hilo lilinichekesha hata mimi. Generoza halikumchekesha. Yeye alikuwa na kaka upande huu wa ukuta na mume upande wa pili, na kila mmoja wetu alikuwa akimwuliza yeye yule mwingine anasemaje.

"Kunywa kidogo tu," aliniambia siku moja analia. "Lowanisha midomo. Nani atajua?"

"Mguu utajua," nikamjibu. Nilimjibu kwa ukali, nikaenda mlimani.

Mlima nilianza kwa kuutembea. Alfajiri ya kwanza nilifika kwenye jiwe la chini nikakaa, natweta, watoto wa shule wakanipita wakiniamkia huku wanacheka. Nilivaa katambuga mbili zilizofungwa kwa mipira ili zisinikimbie tena, na ndani yake vitambaa. Vuli ilipokwisha nilikuwa nafika nusu ya mlima. Masika ilinikuta juu kabisa, naona bonde la Ruvubu limejaa ukungu. Sijui siku gani kutembea kuligeuka kuwa kukimbia. Nadhani mvua ilinikuta njiani nikakimbia, na ilipokatika sikukumbuka kuacha.

Hospitali nilirudi kila baada ya mavuno ya kitu fulani. Wakati wa maharage ile dawa ilisimama kwenye chungwa. Wakati wa mtama ikasimama kwenye manjano. Kisigino kilifunga. Nilinenepa mahali panapostahili, kamba ya mgomba nikaitupa. Lakini mguu wa kushoto ulibaki umekufa kuanzia kifundo. Generoza alikuwa akiuminya na kuniuliza, "Hapa je?" nami namjibu sisikii. Tulizoea kuuliza na kujibu hivyo kama watu wanaosali litania.

Halafu vita ikaja. Kwetu haikuja kwa mabomu. Ilikuja kwa redio ya mwenyekiti wa kijiji, ambayo ghafla watu wazima waliizunguka wamesimama. Ilikuja kwa malori yaliyopita kwenda kaskazini yamejaa na kurudi matupu. Watu waliokimbia upande wa mto Kagera walifika hadi Biharamulo na magodoro yao kichwani, na habari zao zilifika kwetu kabla ya wao. Sokoni chumvi ikapotea, baada yake sabuni, baada yake vijana.

Mgambo wa kijiji walikuwa wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule. Mimi nilikuwa nimesamehewa kwa ugonjwa tangu zamani, na sasa msamaha huo ulianza kuninukia. Mtu anayekimbia mlimani kila alfajiri halafu akaketi wenzake wakipiga kwata, wewe ungemwitaje? Nilimwendea mwenyekiti nikamwambia nitafanya mazoezi na wengine. Alinitazama sana, akasema karibu.

Kisha likatoka tangazo. Kata yetu itatoa watu wa kujiunga na wanaokwenda mbele, mmoja kila kijiji, na watachaguliwa kwa mashindano ya ukakamavu: kutoka ghala la kijiji hadi mtoni, kubeba gunia la mchanga, na kupanda nalo hadi shuleni. Wa kwanza na wa pili watapelekwa wilayani kupimwa, na mmoja wao ndiye atakayepanda lori.

Generoza alisikia tangazo hilo akinipakulia maharage. Aliweka mwiko chini.

"Usiposhiriki watasema umejificha," akasema. "Basi kimbia. Lakini usishinde."

Nikamwahidi.

Siku ya mashindano wengi walikimbia peku. Mimi na katambuga zangu za mipira nilichekwa hadi mtoni. Bukuru alikuwa mbele yangu, mtu mwenye kifua, mwenye nguvu tangu utoto. Tulibeba magunia. Kwenye kilima cha kwanza wengine walianza kuyatua na kuyabeba tena. Mimi nilikwenda mwendo wangu wa kila alfajiri, maana kilima kile tulikuwa tumefahamiana. Nilikuwa nimejiwekea nafasi nzuri, katikati ya watu, mahali ambapo mtu haitwi mwoga na haitwi askari.

Pale pa mwisho, chini ya shule, mguu wangu wa kushoto ukauma.

Sijui nieleze vipi. Lilikuwa jiwe dogo tu, limeingia kati ya katambuga na unyayo, na liliuma kama sindano. Nikakanyaga tena, likauma tena. Nililia huku nimebeba gunia. Petro hakuwahi kusikia maumivu yale. Nilitaka kuukanyagia mguu ule dunia nzima, kila jiwe, nisikie. Sikukumbuka ahadi, sikukumbuka vita. Nilipoinua macho nilikuwa nimempita Bukuru na kamba ya mwisho ilikuwa kifuani mwangu. Watu walishangilia, hata wale wa mkeka. Nikamtafuta Generoza kwenye umati nikamwona amejitanda khanga hadi machoni.

Wilayani tulipangwa benchi jingine. Aliyekuwa akitupima ni mganga yuleyule wa sweta, ameazimwa kwa kazi hiyo. Akachukua mkojo wangu, akawasha taa ya spiriti. Hapo ndipo nilipoujua woga wenyewe. Miaka yote nilikuwa nikiomba buluu. Sasa buluu ni lori, na tofali ni mguu wa Petro, na sikujua niombe lipi. Niliitazama dawa ikichemka. Ilibaki buluu. Ilichemka, ikachemka, ikabaki buluu.

Mganga alikishusha kichupa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. Mara ya kwanza kuyaona meno yake.

"Umeshinda," akasema. "Rudi nyumbani."

"Si buluu?"

"Buluu hii ni ya maharage, mlima na vidonge. Huko waendako hakuna hata kimoja. Ukikosa vidonge na ukila unachopewa, watakurudisha kwa machela. Nitaandika huwezi."

Akaniondoa, na nafasi yangu akapewa aliyenifuata. Aliyenifuata alikuwa Bukuru.

Siku ya kumuaga, mtungi uliwekwa katikati. Nilikwenda, nikakaa. Bukuru alizunguka na kibuyu, anaonja, anampa mtu, anaonja, anampa mtu. Alipofika kwangu hakusimama. Alinipita akampa aliyekuwa upande wangu wa pili, bila hasira, kama mtu anavyopita nguzo ya nyumba. Ningeweza kueleza tena habari za mganga. Lori likaja likamchukua.

Nyumbani Generoza aliendelea kunitazama nyayo kila jioni. Aliuminya mguu na kuuliza, "Hapa je?" na sasa nilijibu nasikia, na hakufurahi. Tuliishi hivyo mvua zote zile. Kila lori lililoshuka kutoka kaskazini tulisimama mlangoni, kila mtu mlango wake, mimi kwangu na mke wa Bukuru kwake. Alfajiri niliendelea kupanda mlima, na nilipofika juu nilikuwa natazama kaskazini ingawa hakuna kinachoonekana. Nilikuwa mzima kuliko nilivyowahi kuwa, na uzima huo sikuweza kumwonyesha mtu.

Bukuru alirudi kiangazi. Miguu yake yote miwili, mikono yake yote miwili. Kijiji kiliimba. Mimi sikwenda siku ile, wala ya pili. Baada ya siku nyingi Generoza akaniambia, "Nenda kamwone. Hajambo, lakini nenda kamwone."

Nilimkuta amekaa kizingitini. Yule mtu wa kifua alikuwa amekonda, suruali ya jeshi ameikunja kiunoni akaifunga kwa kamba ya mgomba. Tukasalimiana. Akaniambia chakula cha huko hakikupatana naye. Tukiwa tunazungumza alimwita mkewe mara mbili alete maji, akayanywa bila kupumua. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi nikasema nami nakwenda kujisaidia.

Jua lilikuwa bado la asubuhi. Mstari ulitoka kwenye migomba, mwembamba, mweusi, ukaishia ukutani. Juu yake mtu alikuwa amemwaga majivu.

Nilirudi nikasimama mbele yake. "Muramu," nikasema, "unao wale sisimizi wa sukari."

Akakunja uso. "Unanitakia mabaya?"

"Ninakuambia. Petro hakuambiwa na mtu."

"Ulikataa changu," akasema. "Mbele ya watu. Sasa unaniletea chako?"

Niliingia ndani ya nyumba yake, mkewe akanipisha. Nikachota maji ya mtungini kwa kibuyu, kilekile, nakifahamu kwa ufa wa shingoni. Nikatoka nacho barabarani ambako watu walikuwa wakipita kwenda shambani, nikasimama mpaka baadhi yao wakasimama. Nikakiinua, nikaonja mbele ya macho yake, nikameza, nikampa kwa mikono miwili.

Bukuru aliwatazama waliosimama. Kisha akakipokea, akakinywa chote, akafuta mdomo, akaomba tena.